Mita 18 za kwanza: namna ya kuandaa Starlet ya bei poa kwa mbio fupi

Wiki haipiti bila kijana kuingia dukani kwangu Ngamiani na kuuliza, "Shangazi, turbo ya Glanza, ile Starlet iliyotoka na turbo, unayo?" Nami humjibu kwa swali: "Tairi zako za mbele za mwaka gani?" Wengi hucheka wakidhani nawatania. Siwatanii. Nauza spea za mtumba mwaka wa kumi na nne sasa, kwenye mojawapo ya hizi barabara zetu za Tanga zenye namba badala ya majina, na turbo ningependa sana kuiuza. Lakini mtu mwenye tairi zilizokauka, klachi inayoteleza na maunti (zile raba zinazoshikilia injini) zilizokatika akifunga turbo, atakachopata ni moshi mwingi zaidi palepale alipokuwa amesimama.

Mimi nakimbiza Starlet EP82, lile umbo lililotoka kati ya mwaka 1989 na 1995. Injini ni 4E-FE, cc 1331, haina turbo. Kiwandani ilitoka na hospawa 100. Leo zimepungua, mimi na gari tunazeeka pamoja. Mbio zenyewe ni rahisi kueleza: magari mawili, njia iliyonyooka, anayefika kwanza. Wamarekani, ambao chama chao cha NHRA kipo tangu 1951, hukimbia robo maili, yaani mita 402. Sisi tunakimbia nusu ya hapo, mita 201. Urefu huo unalifaa gari dogo, maana unamaliza ukiwa kwenye kilomita 100 hivi kwa saa na bado una nafasi ya kusimama.

Mara ya kwanza kupimwa nilitumia sekunde 11.58. Sasa nakimbia 10.96, na injini haijaguzwa ndani hata siku moja. Hiyo tofauti ndiyo ninayotaka kuieleza, maana karibu yote imetoka kwenye mita 18 za mwanzo.

Kwanza mahali pa kukimbilia, na hapa nasimulia jambo nisilolipenda. Zamani, nikiwa na gari langu la kwanza, tulikuwa tukitoka usiku kwenda barabara ya Horohoro. Lami nzuri, kumenyooka, magari machache. Usiku mmoja nipo gia ya tatu, taa zikamuangukia mtu na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, hana taa wala kiakisi. Nilimpita karibu hata kioo changu cha pembeni kikagonga gunia. Hakuanguka. Mimi nilisimama mbele huko, nikajaribu kufungua mlango, mikono ikakataa. Tangu siku hiyo sijakimbia barabara ya watu, na anayekimbia huko simuuzii hata plagi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakuhesabu mkosaji, lakini mimi sikuacha kwa sababu ya sheria. Niliacha kwa sababu ya yule mtu wa mkaa.

Kwa hiyo tafuteni lami iliyo ndani ya eneo la mtu, lenye uzio na geti. Andikeni barua kwa mwenye eneo, pelekeni taarifa polisi, lipieni gari la wagonjwa likae hapo tangu gari la kwanza mpaka la mwisho. Njia iwe na urefu mara tatu ya mbio: mita 201 za kukimbia, 400 za kusimama, na mwisho wake pasiwe na ukuta wala mnazi. Watazamaji wakae nyuma ya mstari wa kuondokea, wasijipange pembeni mbele ya magari, hata wakinuna. Atakayetaka mashindano yenye leseni aanzie AAT, chama cha magari cha Tanzania, ndiyo inayosimamia michezo ya magari nchini.

Kununua gari la pwani

Nililipa milioni tatu na laki mbili. Rangi ilikuwa imepauka kama kanga ya miaka kumi, bampa la mbele limefungwa kwa waya, redio hakuna. Nilifurahi. Kila kilichoharibika kwa macho kinakushushia bei, na hakuna hata kimoja kinachokupunguzia spidi.

Kutu ni habari nyingine. Gari lililolala miaka Raskazone au Sahare limekula chumvi kila usiku, na chumvi haianzi pale unapopaona. Nenda na bisibisi bapa na tochi. Nyanyua zulia la mbele, choma kwenye kona za sakafu. Fungua boneti, kagua pale juu shokapu inapofungiwa, pande zote mbili. Ingia chini, choma zile kingo unapowekea jeki. Chuma kizima kinakurudishia mlio mkavu, ting. Kilichooza hakisemi kitu. Makorora nilioneshwa Starlet nyeupe, imeng'arishwa hata unajiona, na bisibisi ikazama kwenye mnara wa shokapu kama nachoma muhogo uliooza. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya fibaglasi. Gari la namna hiyo ukiliondoa kwa nguvu mara ishirini, shokapu litakuja kukusalimia juu ya boneti.

Likipita hapo, pima kompresheni. Geji ni ya bei ndogo na fundi yeyote anayejiheshimu anayo. Injini iwe imepata moto. Toa plagi zote nne, chomoa soketi ya disibyuta ili moto usipige na mafuta yasimwagwe, mtu akanyage eksileta mpaka chini, piga stata mpaka mshale wa geji uache kupanda. Andika. Gari moja nililolikataa lilisoma psi 170, 168, 120, 172. Muuzaji akaniambia, "Hiyo namba tatu ni plagi tu, mama." Plagi nilikuwa nimeishika mkononi! Nikamwaga kijiko cha oili kwenye tundu la silinda namba tatu, nikapima tena, mshale ukapanda hadi 160. Oili ikipandisha namba, ringi zimekwisha. Isipopandisha, tazama vali au gasketi ya hedi. Langu lilisoma kati ya 168 na 175 kote. Namba kubwa ni raha, ila mimi naangalia zaidi zikaribiane: tofauti ikizidi psi 15, rudisha hela mfukoni.

Giaboksi liwe la kukanyaga klachi. Oto nazo zinakimbia, na zina faida yake nitakayoitaja, lakini kwa gari la hospawa mia, klachi ndiyo chombo chako.

Kabla ya kuongeza, rudisha

Gari la miaka thelathini halihitaji nguvu mpya, linahitaji kurudishiwa zake. Taiming belti, kama hujui ilibadilishwa lini, badilisha. Toyota wanasema kila kilomita 100,000, na injini ya mbio haipewi msamaha. Plagi, waya za plagi, kepu na rota ya disibyuta, kichujio cha hewa, kichujio cha mafuta, oili. Vyote hivyo havifiki bei ya rimu moja ya kujionesha.

Halafu taiming ya moto, ambayo mafundi wengi huipanga kwa sikio. Ndani ya boneti kuna kiboksi kidogo cheusi chenye mfuniko ulioandikwa majina ya matundu. Injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, mulika puli kwa taa ya taiming. Alama isome nyuzi 10 kabla ya kilele. Yangu ilisoma 4. Miaka yote niliyolinunulia mafuta, gari lilikuwa linavuta miguu, na mimi nikidhani ndiyo tabia yake. Legeza bolti za disibyuta, izungushe kidogo kidogo, kaza, chomoa waya. Hiyo kazi ya dakika ishirini ndiyo niliyoisikia kwa mgongo kuliko kitu chochote nilichokinunua.

Kuhusu hewa: bomba la kuvutia hewa lisinywe hewa ya ndani ya boneti. Kwa joto letu la Kaskazi, ndani mle mkono haukai. Mimi nimetoa bomba la plastiki kutoka kwenye boksi la kichujio likatokea nyuma ya bampa, mbele ya rejeta. Hewa baridi ni nzito, nzito ina oksijeni nyingi, injini inapata pumzi. Ndiyo maana asubuhi ya Kusi gari linakimbia kuliko mchana wa Januari, na ndiyo maana sisi wa usawa wa bahari tumependelewa: injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mwenzetu wa Arusha, aliye kwenye mita 1,400 hivi, akishuka huku gari lake linapona njiani bila fundi. Ila usiwahi mno asubuhi. Umande wa Tanga ukiwa bado kwenye lami, utateleza kama umemwaga sabuni.

Ekzosi niliacha ya kawaida, nikaziba tu palipotoboka. Kelele haina sekunde.

Mizani ya skrepa

Jirani yangu ananunua vyuma chakavu, na mizani yake ndiyo maabara yangu. Kila nilichotoa nilikitundika pale. Tairi la akiba na jeki: kilo 16. Siti ya nyuma, makalio na mgongo: 19. Siti ya abiria: 14. Zulia la buti, kirago chake na takataka za miaka: 5. Subufa la mpwa wangu, ambalo aliapa ni jepesi: 8. Jumla kilo 62, bila kukata hata kipande cha bati. Kanuni ya wazee wa mchezo huu ni kwamba kila kilo 45 unazotoa zinakupa sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye mita 402. Kwenye mbio yetu fupi ni pungufu ya hapo, lakini ni ya bure. Usikate vyuma vya ndani ya milango, usitoe kioo cha mbele, usitoe hendibreki. Nimeona mtu katoa breki za nyuma "kupunguza uzito". Alikuwa mzima na anaongea.

Mafuta naweka lita 10. Tenki likijaa lita 40 umebeba kilo 22 zaidi bure. Usishuke chini ya hapo, maana ukiondoka kwa nguvu mafuta hukimbilia nyuma ya tenki na pampu ikanywa upepo.

Tairi, maunti, klachi

Sasa ndipo fedha yako iingie.

Gari la kuvuta mbele lina kasoro ya kuzaliwa. Ukiondoka, uzito unakimbilia nyuma, pua inanyanyuka, na tairi zinazovuta ndizo zinazopoteza mgandamizo wakati huohuo unazihitaji. Juu ya hilo, difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye tairi lenye mshiko mdogo. Matokeo ni tairi moja kuzunguka bure na gari kukaa. Mengi ya ninayofanya ni kupigana na kasoro hiyo.

Tairi soma ubavuni. Mwisho wa herufi za DOT kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini la mwaka 2012 ni gumu kama kwato. Bonyeza kwa ukucha. Lisipoacha alama, liache. Mimi nilinunua mawili mapya ya mbele, ya inchi 13, ya kawaida kabisa ya barabarani, na nyuma nikaacha ya zamani. Upepo wa mbele nashusha hadi psi 24, ili tairi lilale vizuri kwenye lami. Nyuma napandisha hadi 38, liwe jepesi kuviringika na mkia usikae chini. Chini ya 20 mbele usiende, ubavu unajikunja na usukani unakuwa wa kubahatisha. Geji iwe yako, tumia hiyohiyo siku zote, maana geji mbili za vituo viwili hazijawahi kukubaliana.

Nyuma pia niliweka springi ngumu kidogo, za toleo la gari zito, nilizozitoa kwenye lundo langu mwenyewe. Mkia ukikataa kuchuchumaa, pua haipati nafasi ya kunyanyuka.

Maunti za injini. Fungua boneti, mwenzako akanyage breki na aguse klachi kwenye gia ya kwanza. Injini ikiruka kama mbuzi aliyefungwa, maunti zimekwisha. Zikiwa zimekwisha, tairi zinashika na kuachia, zinashika na kuachia, mbele kunapiga duk-duk-duk, na duk-duk hiyo ndiyo inayovunja sivi jointi na draivu shafti. Maunti mpya za kiwandani bei yake imesimama. Mimi nilichukua maunti nzimanzima za mtumba, nikazisafisha kwa petroli zikakauka, nikaziba upande mmoja kwa tepu ya karatasi, nikajaza yale matundu kwa ile gundi nyeusi ya kubandikia vioo vya mbele vya magari. Mirija miwili ilitosha maunti tatu. Zikae siku nne bila kuguswa. Mpwa wangu alizifunga siku ya pili, ndani bado ni uji, tukaanza upya. Gari linatetemeka likiwa limesimama, chai ya kwenye kikombe inaonesha mawimbi, lakini duk-duk imekwisha.

Klachi nitaeleza kwa aibu. Mashindano yangu ya kwanza nilifika mstarini, nikainua klachi mpaka pale inapouma, nikaishikilia hapo huku namsubiri mwenye bendera. Naye alikuwa anabishana na mtu. Nimekaa hivyo, eksileta juu, labda sekunde ishirini. Ikaja harufu. Kila fundi anaijua harufu ile, kama kwato za ng'ombe zinachomwa. Bendera ikashuka, injini ikalia, gari likaenda kama linafikiria. Gia ya tatu mshale wa mizunguko ya injini unapanda, spidi haipandi. Nilishindwa na Vitz ya cc 997 iliyokuwa na kiti cha mtoto nyuma. Mzee anayenifungia giaboksi alipolishusha akanionesha pleti, imekuwa ya bluu. "Binti yangu," akasema, "klachi ina hali mbili tu, chini au juu. Katikati ni pa kupita." Niliweka pleti mpya na presha pleti mpya, flaiwili nikaipeleka kwa fundi wa mashine ikasawazishwa. Usifunge pleti mpya kwenye flaiwili yenye makovu, itakula moto tena.

Mstarini

Taa za kuondokea zina utaratibu wake. Unasogea taratibu mpaka tairi la mbele likate mwale wa kwanza wa mwanga unaokatiza njia, taa ndogo ya juu inawaka. Sentimita 18 mbele yake kuna mwale wa pili, unawaka, sasa umesimama mahali pake. Ukishawaka tu, acha hapo, usijisogeze. Saa haianzi kuhesabu mpaka tairi liuachie mwale, kwa hiyo ukisimama nyuma nyuma unapata vidole kadhaa vya kuanza kukimbia kabla saa haijakuona. Kisha njano tatu zinashuka moja baada ya nyingine, kila moja nusu sekunde, halafu kijani. Ukitoka mapema, nyekundu, umeshindwa.

Usisubiri kijani. Ukiisubiri, macho yamwambie mguu, mguu uachie klachi, gari lijikusanye, umechelewa. Ondoka kwenye njano ya mwisho. Zoezi lake nalifanya dukani na mpwa wangu akipiga makofi matatu kwa mapigo sawa.

Kuondoka kwenyewe: gia ya kwanza ingia mapema, klachi chini kabisa. Njano ya kwanza, mizunguko ipande hadi 2,500 na ikae hapo, isipande na kushuka. Njano ya mwisho, achia klachi kwa haraka lakini usiitupe. Mguu upite pale pa kuuma bila kukaa. Eksileta iongezeke wakati klachi inashika, isitangulie. Tairi likianza kulia kidogo, hiyo ndiyo sauti unayoitaka, liache. Likipiga yowe, legeza eksileta kiasi cha unene wa sarafu, klachi usiiguse tena. Usukani ushike kwa mikono miwili bila kuukaba, maana utavutwa.

Hizo 2,500 ni za gari langu na tairi zangu. Nilizipata kwa kuandika. Daftari langu la shule lina safu tano: mizunguko ya kuondokea, upepo wa mbele, muda wa mita 18, muda wa mita 201, hali ya hewa. Mizunguko 4,000, mita 18 kwa sekunde 2.85, moshi na makofi ya watazamaji. Mizunguko 3,000, sekunde 2.6. Mizunguko 2,500, sekunde 2.42, hakuna aliyepiga makofi. Mizunguko 2,000, injini ikakohoa, 2.7. Badilisha kitu kimoja kwa kila mkimbio. Ukibadilisha upepo na mizunguko pamoja, hujajifunza chochote, umechoma mafuta tu. Gia nazo hivyohivyo: jaribu kubadili kwenye 6,000, kisha 6,500, uone karatasi inasema nini. Masikio yanapenda kelele, karatasi haipendi mtu.

Na hili vijana hawalijui mpaka liwakute: mwenye gari la haraka anaweza kushindwa. Muda wa kuitikia taa unahesabiwa mbali na muda wa kukimbia, lakini mstari wa mwisho unavijumlisha. Mwezi mmoja nilimshinda jamaa mwenye Vitz RS ya cc 1500. Yeye alikimbia 10.70, mimi 10.95. Ila alichelewa taa kwa 0.98, mimi 0.62. Jumlisha: yeye 11.68, mimi 11.57. Alibisha mpaka Magharibi.

Magari yakitofautiana sana, tumieni mtindo wa kutaja muda. Kila mmoja anaandika kwenye kioo muda anaodhani atakimbia. Mwenye gari la taratibu anaruhusiwa kuondoka mapema kwa ile tofauti. Ukikimbia haraka kuliko ulichoandika, umeshindwa, labda mwenzako naye avuke chake zaidi. Hapo ndipo zile oto zinapotamba, kwa sababu hazina mguu wa kukosea, leo 12.31, kesho 12.30. Mtindo huo ndio ulionifanya baba watoto akubali kuja na gari lake la kazi.

Mwili

Kofia za bodaboda za elfu kumi na tano ni ndoo zenye rangi. Tafuta yenye lebo ya Snell au ECE, viwango vya usalama wa kofia, hata ya mtumba, mradi haijawahi kuanguka na kupasuka. Mkanda wa kiti uvutwe ghafla kwa mkono. Usipokaba, hapandi mtu. Betri ifungwe kwa chuma, si kwa kamba ya mnazi. Kebo ya eksileta iwe na springi mbili za kurudisha, moja ikikatika nyingine ipo. Mtungi wa unga wa kuzimia moto ufungwe mkono unapofika ukiwa umejifunga mkanda, kaa ujaribu. Ndani ya gari pasiwe na chupa ya maji, hiyo ndiyo inayoviringika ikaingia chini ya breki. Viatu vya kufunga, ndala hapana. Mimi huvaa ovaroli ya pamba, kwa sababu nailoni huyeyukia mwilini, na ushungi naufunga nyuma nikauingiza ndani ya kola, hakuna ncha inayoning'inia.

Na kabla ya kila mkimbio kuna mtu mmoja, asiye dereva, anayelala chini na kutazama tone. Oili au maji yakidondoka, gari halisogei. Tone lako ni ajali ya anayekufuata.

Jioni

Nati za tairi kaza tena zikiwa zimepoa. Mimi natumia spana ya kipimo, Nm 103. Toa plagi moja uitazame: rangi ya mchanga mkavu ni nzuri, nyeupe pe ina maana injini ina joto au mafuta hayatoshi, nyeusi ya masizi mafuta yamezidi. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, utembee taratibu. Ukisikia ka-ka-ka, sivi inaaga. Mara ya mwisho ya kulia ilianza kuaga, nimeshaiwekea nyingine kando na haijaandikwa bei.

Upepo urudi psi 30 mbele na nyuma kabla hujatoka getini. Siti ya nyuma inaingia kwa bolti mbili na ndoano mbili. Naifunga Jumapili usiku na tochi mdomoni, kwa sababu Jumatatu saa moja kasoro robo Starlet ina watoto watatu wa kupeleka shule, na mdogo hutaka kukaa katikati.